Soksi Nyeusi kwenye Kituo Namba Tano

Kila asubuhi ya Julai ile, Tainá akiwa bado anachovya mkate wake kwenye kahawa ya maziwa, simu ya bibi yake ililia. Bibi Zulmira alikuwa mzito wa kusikia, kwa hiyo aliyepokea ni Tainá mwenyewe, binti wa miaka kumi na miwili aliyekuwa likizoni.

"Kituo namba tano, hakuna kilichoguswa?" iliuliza sauti kutoka uwanja wa majaribio ya ndege.

"Hakuna," alijibu, kisha akarudi kwenye mkate wake.

Kituo chenyewe kilikuwa kinasa sauti kilichosimamishwa nyuma ya nyumba yao, kati ya banda la kuku na shamba la miwa. Kilivikwa kofia ya mviringo ya sifongo nyeusi ili upepo usikisumbue. Vituo vilikuwa saba, vimepangwa chini ya njia ya ndege. Serikali ilikuwa imetoa fedha kwa miaka mitatu ili watafiti waunde ndege za abiria zinazochafua hewa kidogo na zisizopasua watu masikio. Wiki iliyopita walipima kelele za injini ya zamani. Wiki hii ilikuwa zamu ya injini mpya, na ndani yake mlikuwa na bamba la kumeza kelele. Fundi aliyelifunga bamba hilo alikuwa Valdecir, baba yake Tainá.

Basi Jumatatu alasiri ndipo mambo yalipoharibika.

Julai ni mwezi wa tiara, na watoto wa pale hawarushi tiara kwa kupamba anga. Wanapigana. Unaukata uzi wa mwenzako, tiara yake inaanguka, unaichukua. Ili uzi ukate, wengine huupaka gundi yenye vioo vilivyosagwa, yaani cerol. Sheria inakataza. Valdecir alikataza kuliko sheria, kwa sababu uzi wa namna hiyo uliwahi kumkata shingo mdogo wake akiwa kwenye pikipiki, akapona kwa bahati tu. Tainá aliyajua yote hayo. Hata hivyo alikuwa na kibunda cha uzi huo, amekificha bandani kwa kuku.

Siku hiyo upepo ulikatika ghafla. Tiara yake ikaanguka ng'ambo ya kituo, na alipouvuta uzi kwa nguvu, ukapita juu ya kinasa sauti. Kofia ya sifongo ikatengana vipande viwili.

"Duh, kama jibini," alisema Kauê, mtoto wa jirani. "Umekwisha, dada."

"Acha utani. Nifanye nini?"

"Sifongo ni sifongo. Bibi yako anaoshea nini vyombo?"

Tainá alichukua sifongo la jikoni, akakifunika kinasa kwalo, kisha akalivisha soksi nyeusi ya baba yake iliyotoboka kidole. Kwa mbali usingeona tofauti. Asubuhi yake simu ilipolia, alijibu, "Hakuna," ila safari hii hakuurudia mkate wake.

Ndege ilipita saa nne. Bibi Zulmira alikuwa akimwaga mahindi, na kuku hawakuacha hata kudonoa. Tainá akapumua. Alijiambia kwamba mambo yamepita salama.

Hayakupita. Jioni baba yake alirudi amenuna, akasukuma kando sahani ya wali na maharage.

"Kituo chetu kimeandika desibeli tisini na sita," alimwambia bibi kwa sauti ya juu ili asikie. "Injini ya zamani ilikuwa tisini na nne. Yaani ile mpya inapiga kelele zaidi. Kuna muungurumo, mama, kama kitu kinapigapiga."

"Na vituo vingine?" aliuliza bibi.

"Viko sawa. Lakini hapa kwetu ndipo rubani anapopunguza moto wa injini, na bamba likiwa limelegea litatikisika papo hapo. Bamba nililifunga mimi. Wakaguzi wa serikali wanakuja keshokutwa. Kesho saa tatu natakiwa kutia saini kwamba nilikosea kufunga, kisha nitolewe kwenye kazi ya injini."

"Si kinasa kilichoharibika?"

"Wamekipima kutoka ofisini, kizima. Na kila asubuhi wanapiga simu hapa, wanaambiwa hakuna kilichoguswa."

Tainá aliinamia sahani yake. Sasa ilikuwa wazi kwake. Asiposema, baba angeipoteza kazi aliyoitafuta miaka kumi. Akisema, ingebidi aeleze nini kiliikata ile kofia, na neno cerol halikutamkwa ndani ya nyumba ile.

Baba alikusanya njugu zilizokuwa kwenye bakuli, akazipanga mezani kwa duara, moja kwa kila boliti. Alikuwa akizigusa moja moja na kunong'ona: hii nilikaza, hii nilikaza. Boliti thelathini na mbili. Alipofika kumi na tisa alisimama.

"Hii sikumbuki," alisema polepole. "Labda ni kweli nilisahau."

Tainá aliondoka mezani. Alijichukia kabisa.

Asubuhi baba aliondoka mapema. Simu ilipolia, Tainá hakuipokea. Alikuwa tayari kwenye baiskeli, katikati ya miwa, na ndani ya mkoba wake mlikuwa na vipande viwili vya kofia, ile soksi, na kibunda cha uzi. Kilomita sita za vumbi jekundu. Alifika kwenye geti la uwanja wa majaribio saa tatu kasoro dakika kumi.

"Watoto hawaingii," alisema mlinzi.

"Baba yangu ni fundi Valdecir. Anataka kutia saini uongo, na hajui kama ni uongo."

Mlinzi alimtazama yule mtoto aliyejaa vumbi mpaka kope, akanyanyua simu, kisha akafungua geti.

Baba alikuwa ofisini na injinia Noemi Takeda, mkuu wa majaribio, kalamu iko mezani. Tainá alimwaga mkoba wake mbele yao. Alisema yote: tiara, uzi, sifongo, soksi, na zile simu mbili, ile aliyoijibu kwa uongo na ile aliyoikimbia. Alipolitaja neno cerol hakuthubutu kumtazama baba yake.

Injinia Noemi aliivuta soksi, akaitikisa kwa mkono, kama inavyotikiswa na upepo, ili ncha yake ipigepige mezani. Tap, tap, tap.

"Huu ndio muungurumo wetu," alisema. "Au tuseme, huenda ndio. Siandiki kitu kwa kuambiwa. Kivisheni kinasa kofia nyingine, ndege iruke tena."

Ilichukua saa mbili. Tainá alikaa kwenye benchi karibu na baba yake. Vipi kama bamba nalo lilikuwa limelegea? Hatimaye ndege ikapita, na watu wote chumbani wakakodolea macho kioo cha kompyuta.

"Themanini na tisa," alisoma injinia. "Muungurumo hakuna."

Mafundi walimpiga Valdecir mabegani. Injinia Noemi aliichana ile karatasi ya saini, kisha akamgeukia Tainá.

"Binti, mimi nilitaka themanini na saba. Sikuipata, na wakaguzi nitawaambia hivyo hivyo. Themanini na tisa ya kweli naweza kuifanyia kazi. Tisini na sita yako ingetufanya tubomoe injini nzima na kumfukuza mtu bure. Ungesema Jumatatu, tungebadilisha sifongo kwa dakika tano."

Nje, Valdecir alifunga baiskeli nyuma ya gari lake, ndipo akasema.

"Uzi tutauchoma leo, na tiara huzigusi mwaka huu. Jumapili utakwenda kwa baba yako mdogo, umwambie wewe mwenyewe ulichokuwa unarusha."

"Ndiyo, baba."

"Lakini hilo siyo linaloniuma. Sifongo ulilikata bila kukusudia. Jana, mwanangu, ulikaa umbali wa mkono mmoja kutoka kwangu, ukaniona naanza kuamini kwamba mimi ni fundi mbovu. Ukweli ulikuwa nao wewe, ukauacha. Ukificha kosa lako haliishii hapo, linamtafuta mtu mwingine wa kulibeba. Jana lilinipata mimi."

Tainá alilia waziwazi. Baba yake alimfungulia mlango wa gari, akamfuta vumbi usoni kwa kiganja, na wakaenda nyumbani.