Hakimu Haandiki Dozi

Dada alikuwa dobi. Yeye alifua, na mdogo wake alipiga pasi. Watu walimwita mdogo wake Msumari, kwa kuwa alikuwa mwembamba na alisimama wima. Kazi aliijua. Suruali aliyoinyoosha, mstari wake ungeweza kukata mkate.

Lakini Msumari alivuta unga kwa miaka sita. Si unga wa kupikia, ni heroini. Siku moja aliuza suti ya mteja ili apate wa kuvuta. Mteja akaenda polisi, na Msumari akafikishwa mahakamani.

Hakimu alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya chini. Hakumfunga.

"Utakwenda kliniki utibiwe," alisema. "Kila mwezi utarudi hapa tuone unavyoendelea. Ukitoroka matibabu, tutazungumza lugha nyingine."

Basi kila asubuhi Msumari alikwenda kliniki. Muuguzi alimpa methadoni, dawa ya maji, katika kikombe kidogo. Aliinywa mbele yake, kisha akarudi kupiga pasi. Miezi miwili ikapita. Alikula, alilala, hata mashavu yakarudi.

Dada alifurahi, ila jambo moja lilimkera.

"Hiyo dawa utainywa mpaka lini?"

"Mpaka daktari aseme."

"Umeruka majivu ukakanyaga moto, mdogo wangu. Umeacha ya kuvuta, umeshika ya kunywa. Wiki hii unarudi kwa hakimu. Iache, akukute huna kitu mwilini."

Msumari hakuzoea kubishana na dada yake. Ndiye aliyemlea. Akaacha.

Siku ya kwanza alivumilia. Siku ya pili makamasi yakamtoka na mifupa ikamuuma. Siku ya tatu, mchana, Dada alimkuta ameegemea meza, jasho linamtiririka. Pasi ilikuwa imelala juu ya shati la mteja, na shati linatoa moshi.

Dada akainua pasi. "Una nini?"

"Arosto, dada. Mwili unadai unga. Nifungie mlango. Miguu inataka kunipeleka kwa wale wenzangu."

Dada hakufunga mlango. Alimshika mkono, wakaenda kliniki.

Muuguzi alimwingiza Msumari kwa daktari, kisha akaja kuketi na Dada.

"Ni mimi niliyemwambia aache," Dada alisema. "Niliona ni ulevi uleule."

"Wengi huona hivyo, mama. Lakini mvuta unga hulewa, kisha huugua, kisha hutafuta tena. Methadoni kwa dozi sahihi haimlewishi. Humtuliza hamu na maumivu, apate kufanya kazi. Kwenu kuna mwenye presha?"

"Bibi yetu."

"Anakunywa dawa kila siku?"

"Kila siku."

"Umewahi kumwita mlevi wa vidonge?"

Dada akacheka kidogo, kwa aibu.

"Tena kuna hatari," muuguzi aliendelea. "Akiacha, mwili husahau kuhimili unga. Akirudia kiasi alichozoea zamani, anaweza kuacha kupumua, akafa. Siku ya kuacha dawa ikifika, daktari humpunguzia polepole. Si kwa kukata ghafla."

Daktari alimwanzishia Msumari dawa tena kwa dozi ndogo, kisha akaipandisha taratibu.

Siku ya mahakama, Dada aliomba kusema.

"Mheshimiwa, alikosa dawa siku tatu. Kosa ni langu. Nilitaka umwone ameacha kila kitu."

Hakimu akavua miwani. "Mama, mimi siandiki dozi. Hiyo ni kazi ya daktari. Kazi yangu ni kuona anahudhuria kliniki na harudii wizi. Akinywa dawa aliyoandikiwa, havunji amri yangu. Anaitii." Akamgeukia Msumari. "Na wewe unasemaje?"

"Nataka kuendelea, Mheshimiwa."

"Endelea."

Mwaka ulipotimia, Msumari alikuwa amemwomba radhi mwenye suti, na hakuwa ameiba tena. Hakimu akafunga jalada lake.

Kesho yake hakuna aliyemlazimisha kwenda popote. Dada alipoamka, Msumari alikuwa amekwisha kuoga na kuondoka.

Mteja mmoja alifika mapema na shati lake. "Mpiga pasi yuko wapi?"

"Amekwenda kliniki kunywa dawa ya kuacha unga," Dada alisema, akimvutia kiti. "Keti. Akirudi, anaanza na lako."