Nipigie Ninga

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, supamaketi ilikuwa imefurika utadhani vitu vinagawiwa bure. Fundi miwani alisimama kwenye foleni akiwa na kikapu chake, amevaa gauni la njano lenye mifuko mikubwa na raba nyeupe, na miwani ya fremu nyekundu aliyoitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Mtoto wa mtu alikuwa analilia biskuti. Mashine ya kadi ilikuwa imegoma. Ndipo akasikia sauti nyuma yake.

"Samahani dada yangu, hii foleni inasogea au tumekuja kupiga picha ya pamoja?"

Fundi aliinua kichwa. Sauti ile aliijua. Ndiyo iliyokuwa ikimwamsha kila siku, nzito, yenye mikwaruzo kidogo kama ya mtu aliyemeza chai kabla haijapoa. Ilikuwa sauti ya Jogoo, mtangazaji wa kipindi cha asubuhi. Miaka yote alimchora kichwani akiwa mrefu, mabega mapana, suti ya kijivu. Akageuka. Aliyesimama pale alikuwa mwanamume mfupi mwenye masikio makubwa na shati la maua lililopauka, amekumbatia tikiti maji kwa mkono mmoja na karatasi za chooni kwa mkono wa pili.

"Wewe ni Jogoo!" alisema kabla hajajizuia.

Mwanamume yule alimtazama, macho yakamtoka taratibu. "Na wewe... ngoja. Sema neno jingine."

"Neno gani?"

"Basi, imetosha. Wewe ni Fundi Miwani. 'Nipigie Ninga.' Ndiye wewe!"

Watu wawili mbele yao waligeuka kutazama. Fundi alijificha uso kwa kikapu, huku anacheka.

Ni kweli kila Jumamosi alikuwa anapiga simu studio na kuomba kitu kilekile. Ninga alikuwa mwimbaji. Alitoa albamu tatu ambazo hakuna harusi iliyofungwa mjini bila kuchezwa, kisha siku moja, akiwa jukwaani, akasema anakwenda kupumzika kidogo. Kidogo hicho kilikuwa sasa kimeingia mwaka wa saba. Wengine walisema ameolewa mbali, wengine kwamba sauti imekatika, wengine kwamba anafuga kuku na hataki kusumbuliwa. Mashabiki wake walihamia kwa waimbaji wengine, mmoja mmoja, bila kuaga. Kundi lao la simu, lililokuwa na watu mia kadhaa, lilikuwa limebaki na Fundi, mwalimu mmoja mstaafu, na mtu asiyejulikana aliyekuwa akituma picha za maua kila asubuhi.

"Lakini niambie ukweli," Jogoo alisema foleni iliposogea. "Unaamini kabisa atarudi?"

"Atarudi."

"Lini?"

"Akiwa tayari. Kwani wewe ukiwa chooni unapenda kugongewa mlango?"

Jogoo alicheka mpaka tikiti likamponyoka. Lilipasuka katikati ya miguu yao, raba nyeupe zikageuka nyekundu. Alipiga magoti kuzifuta kwa karatasi zake za chooni, na alipoinuka alikuwa ameshaomba namba ya simu, kwa kisingizio cha kuuliza kama madoa yametoka.

Madoa yalitoka siku ileile. Simu hazikukoma.

"Umeamkaje, kipenzi?" Jogoo alikuwa akiuliza mara tu kipindi kikiisha.

"Si umeniamsha wewe. Nimekusikia unakohoa. Umekunywa dawa?"

"Nimekunywa. Na wimbo niliokupigia?"

"Umeukata kabla gitaa halijaisha. Ukirudia hilo tunaachana."

Jumatatu moja Jogoo alijitokeza kwenye duka la miwani alikofanya kazi Fundi, apimwe macho. Lilikuwa duka jembamba lenye ukuta wa fremu mbele na chumba kidogo nyuma, ambako Fundi alikuwa akisaga lenzi kwa mashine inayonguruma, chini ya bango la Ninga lililoanza kujikunja pembe. Alimketisha, akamziba jicho moja, akamwonyesha ubao wa herufi. Jogoo alisoma yote hadi mstari wa mwisho, pamoja na jina la kiwanda kilichouchapa.

"Macho yako hayana tatizo, bwana."

"Basi nipimie moyo."

"Kipimo hicho kipo hospitali kuu. Ukifika ghorofa ya pili uliza."

Daktari wa macho, mama mtu mzima aliyekuwa mwenye duka, alikohoa kwa nguvu kutoka ofisini. "Mgonjwa anayefuata!"

Ilichukua muda Fundi kumweleza Jogoo kwa nini hasa alikuwa anamngoja Ninga. Alimweleza jioni moja wameketi kwenye ngazi za duka lililokwisha kufungwa, wanakula karanga. Mwaka ambao Ninga alinyamaza ndio mwaka mama yake Fundi alipopata kiharusi. Mkono wa kulia ulilegea, maneno yakapotea yote. Miezi ilipita mama akionyesha tu kwa kidole. Fundi alikuwa akimwogesha huku redio inaimba, na siku moja, katikati ya sabuni, mama aliufungua mdomo na kuimba kiitikio cha Ninga. Hakusema. Aliimba. Kutoka hapo maneno yalianza kurudi, moja moja, yakipitia kwenye nyimbo.

"Kwa hiyo nikisema atarudi," Fundi alisema, "usinicheke."

"Sikucheki," Jogoo alisema, akamshika mkono wenye chumvi ya karanga.

Wiki chache baadaye mkuu wa vipindi alimwita Jogoo ofisini. "Nyimbo za huyo Ninga ziishe. Hii ni redio, si makumbusho. Leo mpige mara ya mwisho." Jogoo aliingia studio damu imechemka. Maikrofoni ilipowaka, maneno yalimtoka yenyewe. Alisimulia habari za mama aliyepoteza usemi, bafu, sabuni, wimbo. Akasema ni mama wa Fundi Miwani, yule mpigaji wetu wa Jumamosi. Alisimulia vizuri sana. Fundi mitambo alikuwa analia nyuma ya kioo.

Akampigia mpenzi wake hapohapo. "Umesikia? Simu hazikatiki! Mkuu amesalimu amri, Ninga anabaki!"

Upande wa pili mashine ya lenzi ilizimwa.

"Mpenzi?"

"Nani alikupa ruhusa?"

"Nilifanya kwa ajili yako."

"Ulifanya kwa ajili ya kipindi." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mama yangu akiwa bafuni, uchi, Jogoo. Mji mzima."

Nusu ya maneno yale ilikuwa kweli, na nusu hiyo ndiyo iliyomchoma Jogoo. Simu ilikatwa.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu dukani. Waliokuja kuchukua miwani walimpa pole, wakamuuliza kama mama ameanza kuongea vizuri. Jumamosi ilifika, hakupiga. Jogoo alituma ujumbe, akatuma tena, akaenda mpaka dukani na kukuta daktari amesimama mlangoni, mikono kiunoni. "Macho yako ni mazima, kijana. Nenda." Nyumbani Fundi alihamisha redio hadi stesheni nyingine, ambako asubuhi yote ilikuwa mazungumzo kuhusu mifugo.

Mama alivumilia hadi Jumapili. Alikuwa jikoni, kitenge kimefungwa kifuani, anapepeta mchele kwa mkono mmoja.

"Dawa... za minyoo," alisema. "Ya ng'ombe. Kila siku. Tuna... ng'ombe sisi?"

"Hatuna, mama."

"Rudisha Jogoo."

"Mama, yule alikuaibisha."

"Mimi?" Mama aliweka ungo chini. "Uliniuliza?"

Fundi alivuta kiti.

"Majirani... walikuja. Wewe ulikuwa kazini. Wakasema, imba. Nikawaimbia." Alitabasamu kwa ule upande wa mdomo uliokuwa unamtii. "Walipiga makofi. Aibu hiyo... ni yako, mwanangu. Mimi sina."

Fundi aliketi kwenye kiti kidogo. Alilia kidogo, halafu akachukua ungo akaendelea kupepeta. Hasira ilikuwa imepungua lakini haikuisha. Hakurudisha Jogoo. Alizima redio tu, nyumba ikabaki kimya.

Habari ilifika siku ya kazi asubuhi. Alikuwa anasaga lenzi ya mzee mmoja aliyekuwa akisubiri mbele, macho yamejaa dawa ya matone. Simu ilitetemeka mezani. Mwalimu mstaafu, ambaye hakuwahi kukosea hata alama moja ya uandishi, alikuwa ameandika kwa herufi kubwa bila nukta: AMERUDI ALBAMU IJUMAA. Chini yake, yule mtu wa maua alituma maua ishirini.

Fundi alipiga kelele. Lenzi ilikwaruzika. Alitoka mbio, akamkumbatia daktari, akamkumbatia mzee.

"Nani huyo?" mzee aliuliza, haoni kitu.

"Ninga amerudi, baba!"

"Hongera, mwanangu. Alikuwa amekwenda wapi?"

Alirudi nyuma, akasimama chini ya bango, anahema. Miaka yote alijua angefanya nini siku hii. Angepiga kelele, angekimbia, angekumbatia watu. Vyote alikuwa ameshafanya, na bado furaha haikuwa imetimia. Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye Fundi alitaka kumpigia kelele sikioni. Saa hiyo mtu huyo alikuwa hewani. Akapiga namba ya studio, kama msikilizaji mwingine yeyote.

"Mpigaji, uko hewani, karibu," ilisema ile sauti, imechoka kidogo.

"Ni Fundi Miwani."

Redio ya duka ikawa kimya mpaka watu wakadhani umeme umekatika.

"Fundi," Jogoo alisema hatimaye. "Ngoja nikutoe hewani tuongee."

"Usithubutu. Uliyasema hewani, tuyamalize hewani."

"Sawa." Alikohoa. "Basi wasikilizaji wangu mnisikie. Nilisimulia habari ambayo haikuwa yangu. Niliambiwa kwa siri, kwenye ngazi, na mtu aliyeniamini. Nilijidanganya kwamba namsaidia, na kumbe nilikuwa nimekasirishwa na bosi wangu, ambaye sasa hivi anagonga kioo. Nilikosa. Nisamehe. Na mama yako anisamehe."

"Mama hana kinyongo. Anasema umwokoe na dawa za minyoo."

"Dawa za nini?"

"Nitakueleza. Jogoo?"

"Naam."

"Amerudi!"

"Najua, mpenzi wangu! Nimeona asubuhi! Nimeshika simu, nikaweka chini, nikashika tena, nikaweka..."

Walikuwa wanapiga kelele wote wawili. Dukani, daktari aliwapigia wateja ishara wanyamaze wasikie vizuri.

Albamu ililetwa redioni kabla ya siku yake. Jogoo alitaka kuipeleka kwa Fundi mapema, naye akakataa: angeisikia pamoja na watu wengine wote. Ijumaa baada ya kazi, mtangazaji alibisha hodi nyumbani kwao, shati jeupe limepigwa pasi hadi linasimama lenyewe, nywele za kando ya masikio zimechongwa vizuri na kinyozi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ulisema... naimba kwa shida."

"Nilimaanisha ugonjwa, mama, si sauti."

"Sahihisha."

"Jumatatu, mama. Jambo la kwanza kabisa, kabla ya hali ya hewa."

Mama akamwonyesha kiti.

Walisikiliza sebuleni, watatu, dirisha wazi. Wimbo wa kwanza ulipita, hakuna aliyemtazama mwenzake. Sauti ya Ninga ilikuwa imeshuka, imekuwa nzito. Ngoma hazikuwepo, lilikuwepo gitaa peke yake likitembea polepole. Wa pili ulikuwa hivyohivyo. Fundi alivua miwani akaifuta, akaifuta tena.

"Si yeye," alisema kwa uchungu. "Amechukua wapi sauti hii?"

Jogoo alitaka kusema kitu cha kufariji, akaona anyamaze. Alikuwa amejifunza. Wimbo wa tatu haukuwa na maana, hata mama alikunja uso. Wa nne ulimhusu mwanamke aliyekuwa akipika chakula cha watu wawili na kula peke yake, hadi siku alipoanza kupika cha mmoja na kugundua kwamba ameshiba. Fundi aliacha kufuta miwani.

"Nilikuwa namngoja yule wa zamani," alisema taratibu. "Naye miaka yote hii alikuwa anaishi zake. Huyu simjui vizuri." Akasikiliza tena. "Lakini naona nitampenda."

Jogoo alimtazama, uso wake umelainika, gauni lake la bluu limemwagika juu ya kochi, na maneno mazuri aliyoyaandaa wiki nzima yakamruka yote kwa mpigo. Wimbo wa tano ulikuwa umeanza.

"Nataka tuoane," alisema.

Fundi aliinua kidole. Hakugeuka. "Subiri wimbo uishe."

Ulikuwa wimbo mrefu kuliko yote. Gitaa liliondoka likarudi. Ninga aliimba ubeti, akanyamaza, ikadhaniwa amemaliza, akaanza mwingine. Jogoo alikaa ukingoni mwa kiti, masikio yamewaka, jasho linaharibu shati. Fundi aliyafumba macho, lakini pembe za mdomo zilikuwa zinamtetemeka.

Mama alinyoosha mkono wake mzima, akazima muziki.

"Mjibu... mtoto wa watu."

"Mama!" Fundi alifumbua macho, akamgeukia mtu wake, akamshika mikono yote miwili. "Ndiyo. Tuoane, tena upesi, kabla hujaenda kututangaza redioni. Sasa mama, washa. Umekata palepale palipokuwa patamu."