Fundo la Siku Moja

Hawajafika hata kwenye miti ya kwanza ya mikadi, Mwanasiti akasimama chini ya shuka lake na kuuliza, "Wifi, umejifukiza udi?"

"Udi na mimi wapi na wapi? Nimetoka jikoni, nanuka moshi."

"Basi nani?"

Biubwa akanusa. Ulikuwapo kweli, udi mwororo kama wa chumba cha bibi arusi, nao ulitoka mbele, msituni, ambako hapakuwa na nyumba. Akamvuta mkono. "Tembea, bwana. Jua linapanda."

Ilikuwa njia nyepesi. Watoto wa Kirongwe waliikimbia peku, wanawake waliipita na mitungi kichwani wakitaniana. Mchanga mtupu, kivuli tele, na mto ukienda kando polepole kama mtu asiye na safari. Miaka ile Mdachi, mtawala wa Kijerumani, alikuwa akikaa Chole, na habari zake zilifika huku zimekwisha poa.

Mwanasiti alikuwa mjane wa Shamte, kaka yake Biubwa, aliyeanguka kutoka juu ya mnazi. Miezi minne na siku kumi alikaa eda ndani, bila manukato, bila kuonwa na mwanamume wa nje. Leo alikuwa akitolewa: aoge mtoni, abadili nguo, arudi amefunikwa gubigubi, akiongozwa na wifi yake mpaka kizingitini. Njiani asifunue uso, wala asiachie mkono unaomwongoza. Nyumbani walimngoja mwanawe Nunu, wa miaka miwili, na mkwewe Bi Kidawa, aliyekwisha bandika uji.

Kuhesabu eda ilikuwa kazi ya Biubwa. Kila Magharibi alifunga fundo moja kwenye ugwe wa ukindu, na kwa kuwa mwezi ulizibwa na mawingu mara mbili, nyumba nzima iliutegemea ugwe ule. Jioni moja ya mvua akafunga mafundo mawili. Huenda ilikuwa huruma, maana Mwanasiti alikuwa akilia. Huenda ulikuwa uchovu wa kumpikia na kumchotea maji mtu aliyeketi, na harusi yake mwenyewe na Hemedi ikingoja eda iishe. Nani angeweza kuvitenganisha viwili hivyo? Eda ikapungua siku moja tu. Hakumwambia mtu.

"Nyayo zako zimekuwa laini," alimtania wakishuka mtoni. "Leo miiba itakula sikukuu."

Mwanasiti akacheka, kicheko cha kwanza tangu msiba. "Nikifika nambeba Nunu, nazunguka naye uwanja mzima mpaka achoke yeye."

Akaoga. Biubwa akamvika kanga mpya, akamfunika tena, kisha akashuka hatua tano kuzisuuza nguo za eda. Hakukawia. Alikuwa bado ameinama aliposikia ko, ko, ko. Mitalawanda, viatu vya mti vya kuvalia ndani, vikigonga kama juu ya sakafu ya chokaa. Na pale hapakuwa na sakafu, palikuwa na mchanga.

Akainua kichwa. Mwanasiti alikuwa akienda zake njiani, amefunikwa, mkono wa kuume umenyooka mbele, vidole vimekunjwa kama vya mtu aliyeshikwa. Mbele yake hapakuwa na mtu.

"Mwanasiti!"

Shuka likasimama. Mitalawanda nayo ikanyamaza.

"Nani?"

"Mimi, Biubwa! Umeshikana mikono na nani?"

"Na wewe." Sauti ya Mwanasiti ilishuka. "Nimekushika wewe, wifi."

"Usimjibu," ikasema sauti kutoka hewani, mbele yake, nayo ilikuwa sauti ya Biubwa mwenyewe, pamoja na mkwaruzo wake wa moshi wa jikoni. "Hawa huita watu kwa nyuma. Twende, mtoto anangoja."

Mwanasiti hakufunua uso, kwa kuwa alikatazwa, wala hakuachia mkono. "Basi niambieni kitu," akanong'ona. "Jioni ile ya mvua nilikuchungulia penye pazia la mlango, wifi, nikanyamaza, maana na mimi nilitaka kutoka. Ulifunga mafundo mangapi?"

Biubwa akafungua kinywa. Moyoni akamwona mama yake, akawaona wakwe zake watarajiwa, akaiona dhambi yenyewe imekaa uchi kwenye mchanga, na haya ikamshinda.

"Moja!" akapiga ukelele. "Kila siku moja moja, naapa!"

"Mawili," ikasema sauti ya mbele, taratibu, kwa upole. "Niliona haya kukwambia. Nisamehe."

Mwanasiti akashusha pumzi. "Ndiye wewe," akauambia mkono ule, akaufuata.

Biubwa akakimbia, na kadiri alivyokimbia ndivyo lile shuka lilivyozidi kuwa mbali, na ko, ko, ko zikaenda mbele yake bila haraka, na njia iliyokuwa imenyooka tangu utoto wake ikapinda mahali ambapo haijapata kupinda, ikateremka, na harufu ya udi ikamjaa puani na kinywani mpaka akaitapika, na alipofika mwisho wa mteremko akakuta nyayo za mtu mmoja zikiingia mtoni, na maji yametulia.

Wanaume walitafuta hadi jioni. Mwalimu Mfaume akasoma Yasini ukingoni. Biubwa aliulizwa kila kitu isipokuwa mafundo, naye hakusema.

Kesho yake, saa ileile, udi ukaingia uwanjani. Shuka lilelile likasimama mlangoni pa ua, sasa limeoza, limekuwa matambara. Bi Kidawa akapiga kigelegele. Nunu akakimbia, "Mama!"

Shuka likaanguka. Nywele zilikuwa nyeupe zote, kinywa hakina meno. Macho tu ndiyo yaliyobaki ya Mwanasiti. Mtoto akapiga yowe, akajificha miguuni pa Biubwa.

Nyuma ya kikongwe yule uliburuzika ugwe wa ukindu, umelowa, umefungwa mafundo, ukatoka uani, ukashika njia ya mtoni, ukaenda mpaka jicho lilipokoma.

Kikongwe akamtazama mtoto. "Huyu ni mjukuu wa Nunu?"

Akamwendea Biubwa, akamtia ncha ya ugwe mkononi, akamkunjia vidole.

"Walionishika mkono walisema imebaki siku moja tu ya eda, siku ya kwao," akasema. "Hesabu mwenyewe, wifi. Nimefunga moja moja."