Mteremko Usiofagiwa

Kila asubuhi Atuganile hufanya mambo matatu. Husali. Hufagia uwanja. Kisha huhesabu hatua kutoka ukuta wa nyumba yake hadi kwenye shimo.

Shimo hilo liko nyuma ya nyumba, Mbagala, mbali na barabara ya lami. Zamani malori yalikuja hapo kuchukua kifusi cha kujengea. Kifusi kilipokwisha, malori yakahama na shimo likabaki. Ardhi yake ni nyekundu, ngumu na tupu. Mvua ikinyesha, maji huteremka kwa kasi na kumega ukingo.

Walipojenga nyumba, hatua zilikuwa kumi na sita. Baada ya masika ya mwaka jana zilibaki tisa.

"Bwana, tulindie nyumba hii," Atuganile aliomba. "Na kama kuna la kufanya, tuonyeshe."

Mumewe, Fredrick, alikuwa seremala. Aliwahi kununua miche ishirini ya miti ya maua, akaipanda mteremkoni. Yote ilikauka.

"Ardhi hii imekufa, mama Benjamin," alisema. "Tuhame."

"Tuhamie wapi? Nguvu zetu zote ziko kwenye kuta hizi."

Mwezi wa tisa alihamia jirani mpya, Leodegar, mtu wa Songea mwenye utani mwingi. Siku ya kwanza alisimama ukingoni, akavitazama vijiti vya miche iliyokauka.

"Dada, nani kafa hapa?"

"Miti ya mume wangu."

"Poleni na msiba."

Atuganile alicheka bila kutaka. Leodegar akamweleza kwamba alifanya kazi miaka saba katika mgodi wa makaa ya mawe, kule kusini. Hakuwa mchimbaji. Kazi yake ilikuwa kurudisha majani na miti mahali walipomaliza kuchimba.

"Kwani inawezekana?"

"Inawezekana, ila kwa utaratibu. Kule, kabla ya kuchimba, udongo wa juu uliwekwa kando. Huo ndio wenye rutuba, na mbegu za pori zimelala ndani yake. Wakimaliza kuchimba, wanaurudisha. Hapa waliuzoa pamoja na kifusi. Shemeji alipanda kwenye mfupa."

"Sasa udongo huo tutaupata wapi?"

"Tutautengeneza. Kwanza tupunguze kasi ya maji. Halafu tuifunike ardhi kwa majani makavu. Halafu tupande mbegu za mimea ya asili ya hapahapa. Hiyo imelizoea jua la hapa. Kuna pori lolote lililobaki?"

Lilibaki moja tu, kando ya makaburi ya ukoo wa Bi Mwanaasha. Ukoo wake ulikuwa hapo kabla ya barabara. Wakaenda kumwomba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nyie watu wa bara, mmekuja kunizika kabla sijafa?"

"Hapana, bibi. Tunaomba mbegu."

"Mbegu! Vichaka mmevifyeka wenyewe, leo mnaomba mbegu?"

"Ni kosa letu, bibi," alisema Atuganile.

Bi Mwanaasha alimtazama kidogo, kisha akavaa kandambili zake. "Haya, njooni. Msikate hata tawi. Okoteni zilizoanguka." Akawaonyesha mwenyewe: huu mkwaju, huu mkole, huu mkwakwa, ule mtopetope.

Fredrick na Leodegar walijaza udongo kwenye viroba, wakavilaza kukatisha mteremko. Nyuma ya kila mstari walichimba mfereji mdogo wa kushika maji. Wakapanda ukoka, wakatia mbegu na kutandaza majani makavu. Mvua za vuli zikaanza.

Mwezi wa kumi na mbili, jumuiya ya kanisa ilikuwa isali nyumbani kwa Atuganile. Asubuhi ya siku hiyo alitazama mteremko. Ulijaa majani na vijiti.

"Watasema mke wa seremala amekuwa mvivu," aliwaza.

Akachukua ufagio wa chelewa. Akafagia mteremko wote, juu hadi chini. Taka akazichoma.

Kesho yake mvua kubwa ilinyesha. Asubuhi iliyofuata akahesabu hatua. Nane.

Leodegar alikuja, akatazama. Safari hii hakutania.

"Dada, umewafagia."

"Nani?"

Aliinama, akaokota mche uliovunjika, mdogo kama kucha. "Huu ni mkwaju. Yale majani si taka. Yanazuia matone ya mvua yasiipige ardhi. Yanatunza unyevu. Yakioza, yanakuwa udongo ule tunaoutafuta. Ukiyachoma, unachoma udongo wa mwaka ujao."

Atuganile aliutazama ufagio wake. Mama yake alimfundisha kwamba uwanja safi ni uwanja mtupu. Hakuwahi kuuliza kwa nini.

Jioni alipiga magoti. "Bwana, nilikuomba unionyeshe. Ukanionyesha, nami nikafagia. Nisamehe. Nitaanza upya."

Akaanza upya. Alipita kwa majirani akiomba majani waliyotaka kuyachoma. Alirudi kwa Bi Mwanaasha, akachekwa, akapewa mbegu. Kabla ya masika mteremko ulifunikwa tena.

Mwezi wa tatu jumuiya ilirudi kwake. Monica, mwanakwaya, alifika mapema na wanawake wenzake. Akashika ufagio.

"Mama Benjamin, pumzika. Nikusaidie kule nyuma."

"Monica, weka ufagio chini!"

Wanawake wote waligeuka.

"Kule hakufagiwi," alisema Atuganile, kwa upole sasa.

"Hakufagiwi? Na takataka zote zile?"

"Njoo uone."

Alifunua majani. Chini yake miche ilikuwa imesimama. Monica akagusa udongo kwa kidole.

"Eh! Ni mbichi! Na mvua haijanyesha wiki nzima."

"Majani ndiyo yameutunza."

"Basi msinicheke. Kesho nakuletea majani ya kwangu, gunia zima."

Masika ilikuja kwa nguvu. Ilinyesha siku tatu mfululizo. Asubuhi ya siku ya nne Atuganile alisali, akatoka. Mifereji ilikuwa imejaa, maji yakipita polepole kati ya viroba. Fredrick alisimama mlangoni, mswaki mdomoni.

Akahesabu kutoka ukutani.

"Ngapi?" Fredrick aliuliza.

"Nane."

"Hesabu tena."

Akarudi, akahesabu tena, taratibu. Hatua ya nane ilikanyaga ukoka.

"Nane, baba Benjamin. Nane ileile."

Kisha akachukua ufagio, akafagia uwanja mpaka kwenye kiroba cha kwanza. Hapo akasimama. Majani aliyoyakusanya akayamwaga upande wa pili, juu ya miche, akageuka kuingia ndani.