Kugonga Ndani ya Redio

Sikuyaona mimi, yalimpata rafiki yangu, fundi wa feni, mtu asiyetia chumvi kwenye maneno yake. Alikuwa akijiundia redio ya kutuma na kupokea sauti, ile ambayo vipande vyake waliviagiza pamoja na mdogo wake, kabla mdogo huyo hajafukiwa mgodini. Waokoaji walitega sikio juu ya kifusi, wakasema hakusikiki kitu, wakaenda zao.

Mchana ule mvua ilitia chumba giza. Redio ilikuwa ikikatakata, basi akavaa hedifoni, akawa anagonga bodi kwa kijiti, kipande kimoja baada ya kingine, atambue kipi kimelegea. Kila akigonga, masikioni kunajibu: to.

Akaweka kijiti chini.

To. To.

"Baba watoto, si uchomoe betri?" mkewe akasema, alipoona uso wake umebadilika.

"Nimeshaichomoa."

Mkewe akazivaa hedifoni, akasikiliza.

"Mbona kama mtu anagonga jiwe kwa jiwe?"

Tangu siku hiyo rafiki yangu hazivui hedifoni hizo. Jana nilipomtembelea, alininyooshea kidole ninyamaze.

"Bado anagonga," akaninong'oneza. "Ila sasa anachoka."