Hazina Mwenyewe

Mkasi alisikia pumzi mahali alipokuwa ameshaikata.

Ilikuwa saa saba mchana, ingawa studio yake haikuwa na dirisha, na kuta zilizibwa zote kwa sponji za godoro, hivyo mle ndani mchana na usiku vilikuwa kitu kimoja. Alirudisha wimbo nyuma, akaikodolea macho skrini. Mstari wa sauti hapo ulikuwa umelala kabisa, hauna hata kinundu. Akabonyeza. Katikati ya beti mbili, penye kimya alichokitengeneza kwa mkono wake, mtu alivuta hewa taratibu, kisha akaitoa.

"Ni uchovu," alijiambia. Kujidanganya alikuzoea, akaendelea na kazi.

Waliompa jina la Mkasi hawakumwonea. Hapakuwa na fundi wa kukata sauti na kuzisafisha kama yeye, na hakupenda fujo: ngoma zilikuwa na rangi yake kwenye programu, gitaa rangi yake, waitikiaji yao. Hata vipande alivyokata hakuvitupa. Safari hii vilikuwa pumzi arobaini na tatu za mwimbaji mmoja, akazikusanya kwenye folda, akaiandika HAZINA MWENYEWE. Alicheka peke yake alipoiandika.

Mwenyewe alikuwepo chumba cha pili, anaosha vyombo. Ni mkewe. Alikuwa ameimba wimbo mzima kwa siku mbili, kwa vile mumewe alimwambia ni sauti ya kuongozea tu, ya kumfundishia Malkia. Huyo Malkia alijaliwa sura, nguo na mashabiki, sauti akanyimwa. Mkasi alikuwa amemwapia meneja wa Malkia kwamba ataitengeneza sauti ya bibi huyo mpaka ing'ae, naye meneja akamwahidi kazi ya albamu nzima. Kazi ilimshinda. Basi akaweka sauti ya mkewe palepale, chini ya jina la Malkia, akazikata pumzi zote, maana mkewe alivuta hewa kwa kikwaruzo kidogo cha koo ambacho kila aliyewahi kumsikia akiimba angekitambua.

Walipokaa kula, mkewe alianza kusimulia kuhusu jirani wa chini na maji yatakayokatika kesho na ndoo zinazovuja, akaunganisha maneno bila kituo, mpaka midomo ikampauka.

"Pumua basi, mama, ndoo hazikimbii," Mkasi alimtania.

Hakucheka. "Tangu asubuhi napumua kwa kukumbuka," alisema polepole. "Nikisahau, haiji yenyewe."

Akaenda kujilaza. Mkasi alimfuata baada ya muda kidogo, akasimama mlangoni kumtazama, na alipoona shuka halipandi wala halishuki alimsogelea, akamwekea kiganja kifuani, akangoja, akahesabu mpaka ishirini, mpaka thelathini, ngozi ina joto na moyo unadunda lakini kifua kimetulia tuli, na hapo ndipo aliposikia, upande wa pili wa ukuta, ndani ya studio aliyokuwa ameizima na kuifunga kwa ufunguo, kile kikwaruzo cha koo la mkewe kikivuta hewa, kikiitoa, kikivuta tena bila haraka, na chini ya mlango wa studio ikatoka harufu ya kinywa cha mtu aliyeshinda na njaa siku nyingi.

Alimtikisa mkewe mpaka akashtuka na kuhema. Kisha akashuka mbio kumwita fundi cherehani wa nyumba ya pili, ambaye watu walijua kwamba hutibu mambo ya majini akipumzika kushona.

Fundi cherehani alikuja na tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, njiani ameshaelezwa yote. Hakufukiza wala hakutandika kitu. Alivaa hedifoni, akasikiliza huku akitikisa kichwa, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Nani kakupa hizi?"

Spika zilikuwa zimezimwa. Zilijibu hata hivyo, kwa mnong'ono ulioshonwa kwa pumzi tupu.

"Zimeandikwa hazina mwenyewe. Nami nimesoma."

Mkasi alishika kiti.

"Fundi mwenzangu," fundi cherehani alimwambia, "jini huyu hakuiba, ameokota. Zirudishe zote mahali pake kwenye wimbo. Halafu, mbele ya yule uliyemuuzia, sema ni za nani. Mwenyewe adai kwa kinywa chake, au mtu wake amdaie. Njia nyingine siijui."

"Meneja anakuja saa kumi."

"Vizuri. Basi utamwambia saa kumi."

Mkasi alizirudisha moja moja. Kila moja ilipokaa mahali pake, chumba cha pili mkewe alisikika akivuta hewa. Ilipofika ya arobaini na tatu, Mkasi alikuwa analia. Alimpenda mkewe, hilo lisemwe. Alikuwa tu hajawahi kulilipia pendo hilo chochote.

Meneja alifika, akasalimu, akasikiliza wimbo akiwa amesimama. Uso ukamkunjamana.

"Mbona wimbo unapumua hivi? Huyu si Malkia. Ni mwanamke gani huyu?"

Fundi cherehani alimtazama Mkasi. Mkasi alifungua kinywa. Akaiona albamu nzima, akaliona jina lake nyuma ya albamu.

"Hakuna mwanamke mwingine," alisema. "Ni Malkia. Alikuwa na mafua siku ile."

Kwenye skrini, vinundu vya pumzi vilianza kulala. Hakuna aliyeshika kipanya. Kimoja kililala, kikafuata kingine, tangu mwanzo wa wimbo kuelekea mwisho, na kutoka chumba cha pili kitu kilianguka, kikafuatiwa na nyayo za mtu anayejikokota akishika ukuta. Mkewe akatokea mlangoni. Alikuwa amesikia yote. Midomo yake ilikuwa ya kijivu, na kwenye skrini kilibaki kinundu kimoja.

"Ni mimi," alisema. "Aliyeimba ni mimi. Pumzi ni zangu."

Spika zikatoa mkoromo. Vinundu vikasimama tena vyote kwa mpigo, na yule mwanamke akavuta hewa hadi mabega yakapanda, akaegemea mlango akihema na kutokwa na machozi. Meneja alikwishashuka ngazi mbio.

Mkasi alitaka kumwambia mkewe amsamehe. Alipovuta hewa ya kusemea, haikuja. Akavuta tena. Kifua kilikuwa kimetulia tuli, na ile harufu ilikuwa imemsimamia usoni. Alijipiga kifua, akaelekeza kidole kwenye midomo yake, lakini ili mtu adai pumzi zake anahitaji japo moja, naye hakuwa nayo.

"Na huyu," spika zilinong'ona, "ana mwenyewe?"

Fundi cherehani alimgeukia mwanamke. "Shemeji, sema tu ni wako. Neno moja linatosha."

Mkasi alikuwa amepiga magoti, macho yamemtoka, amemshika mkewe pindo la nguo. Mkewe alimtazama muda mrefu. Aliviondoa vidole vya mumewe kimoja kimoja kwenye nguo yake, akavuta pumzi ndefu, akaitoa, akashuka ngazi.