Vipande Vilivyonyweshwa Maji

Kila alipotoka shule, kazi ya kwanza ya Leisongi ilikuwa kulinywesha tangi. Baba yake, fundi Kalmet, alikuwa amejenga tangi la maji la shule yao, nje kidogo ya mji wa Port Vila, kisiwani. Zege changa hufunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa, lisije likakauka upesi na kupasuka. Leisongi alimwaga maji ndoo baada ya ndoo, huku binamu yake Kalsau akimkebehi.

"Mpe na laplap ya ndizi ale basi, maana maji umeshamshibisha!"

"Cheka tu. Likivuja, utakunywa mate yako."

Tangi hilo lilikuwa na maneno. Saruji ya dukani ni ghali, kwa hiyo Kalmet aliichanganya na unga wa yale mawe mepesi ya volkeno ambayo akina mama husugulia miguu. Kamati ya shule ilikubali kwa shingo upande: halijazwi mpaka maabara ihakikishe kwamba zege limekomaa. Wakati huo wanafunzi walibeba maji ya kunywa kutoka nyumbani, na mchana chupa zilikuwa tupu.

Aliyepima sampuli ni dada yake Kalmet, Shangazi Leimara. Ijumaa Leisongi alikwenda maabarani kumtazama. Shangazi alikuwa akivunja kwa nyundo kipande cha mchanganyiko wa Kalmet kilichotimiza wiki moja. Vijipande akavitumbukiza kwenye chupa ya spiriti.

"Shangazi, unavilewesha?"

"Navilaza," Shangazi akacheka.

"Na kwa nini unavivunja kwanza?"

"Ili spiriti ipenye mpaka ndani. We mtoto, maswali yako hayaishi! Ngoja, gari la mchanga limefika, napokea mzigo."

Vijipande vingine vilikwisha kutolewa kwenye spiriti, vikaanikwa kwenye sinia. Leisongi aliviinamia. Vilikuwa vikavu na vyeupe, akavionea huruma kwelikweli. Mtoto wa fundi gani angeacha saruji ya wiki moja ikae na kiu? Akachota maji ya bomba, akavilowesha vyote, akavifunika kwa kitambaa. Shangazi aliporudi mbiombio aliona sinia limefunikwa, akadhani ni ili vumbi lisiingie, akamshukuru, akafunga mlango.

Jumatatu jioni Kalmet alikuja na binti yake kusikiliza majibu. Shangazi alikuwa amesaga vijipande vile vikawa unga, akauchoma kwenye mashine.

"Kaka, sikutarajia. Zege lako limekomaa mapema ajabu."

Kalmet alipiga makofi. "Si niliwaambia! Kesho asubuhi nalijaza!"

"Mashine imejuaje?" Leisongi akauliza.

Shangazi akamjibu, "Simenti haikauki tu, mwanangu. Inayashika maji na kuyafunga ndani yake, na kadiri inavyokomaa ndivyo inavyofunga mengi. Ukiuchoma unga, maji hayo yanatoka, nasi tunayapima. Spiriti huyafukuza maji ambayo hayajafungwa, ili simenti isiendelee kukomaa. Ikipata maji tena, inaanza upya."

Leisongi akalikumbuka lile sinia. Hakuna aliyemwona Ijumaa ile. Akinyamaza, baba atashinda na kesho shule nzima itakunywa. Akautazama uso wa baba yake uliojaa furaha, akatamani kulia.

"Baba, usilijaze. Mimi nilivinywesha vile vijipande maji."

"Ulifanya nini?"

"Nilidhani vina kiu. Kama tangi."

Kalmet alikasirika, tena sana. Shangazi akaingilia kati. "Na mimi nina kosa. Sikupaswa kuliacha sinia wazi." Akaifuata ile chupa ya Ijumaa. "Hivi havijaguswa."

Majibu mapya yalikuwa tofauti kabisa. Unga wa mawe ya volkeno hukomaa taratibu, na zege lilikuwa bado changa mno kubeba uzito wa maji. Kalmet akaahirisha kulijaza tangi.

Kazi ya magunia ikaendelea kwa wiki nyingine nyingi, safari hii hata Kalsau akibeba ndoo. Sampuli za mwisho zilionyesha kwamba zege limekomaa vizuri. Siku ya kulijaza, Kalmet alilizunguka tangi akipapasa ukuta kwa kiganja. Haukuvuja popote. Wanafunzi walikuwa wamepanga mstari chini yake, kila mmoja na kikombe chake.

Kalmet akakijaza kikombe cha kwanza, akampa binti yake.

"Ningelijaza Jumanne ile," alisema, "huenda lingepasuka, na wenzako wangekuwa wamesimama hapa hapa. Kuvimwagia maji lilikuwa kosa la kutojua, Leisongi, na kosa la kutojua linafundishika. Ungenyamaza, nisingekuwa na la kukufundisha tena. Kunywa, mwanangu."

Leisongi akanywa, kisha akampa Kalsau kikombe.